Nusu Ukurasa

Jumatatu, 3 Machi

Ewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, funika kombe! Neno lisikutoke, hata kwa mwenzi wako. Kibarua changu kitaota nyasi.

Meneja katangaza: barua isizidi nusu ukurasa. Mwenye maneno mengi haajiriwi rasmi. Akanitazama mimi! Barua yangu kwa mwenye ukumbi, kumwarifu kuwa viti alivyoagiza vitachelewa, ina kurasa mbili. Viti vinatajwa mwishoni. Nilitanguliza salamu na hali ya hewa. Adabu, jamani! Karani mwenzangu, Dada Mkasi, akacheka: eti barua yangu treni, na viti vimepanda behewa la nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Nimefyeka kila kitu. Imebaki: "Viti vimechelewa. Subiri." Nikaituma kabla Mkasi hajaiona. Na apasuke kwa wivu!

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Mwenye ukumbi kaja mwenyewe, jasho linamtiririka. Jumamosi ana harusi ya watu. Asubiri mpaka lini, bibi harusi azeeke? Na nani huyo anayemwamrisha kama baba mkwe? Anataka kuhamia kwa washindani wetu. Meneja kasema niandike barua ya kuomba radhi. Nusu ukurasa. Mteja akiondoka, na mimi nifungashe virago.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwuliza shangazi, ninayekaa kwake. Mwanangu, akasema, omba radhi, taja siku viti vitakapofika, kisha nyamaza. Rahisi mno! Sikusomeshwa ili ninyamaze. Nimeandika kurasa tatu, kisha nikapunguza herufi mpaka zikaenea nusu ukurasa. Utadhani sisimizi wamepanga foleni. Werevu ulioje!

Ijumaa, 7 Machi

Meneja kavaa miwani yake, kaazima ya mhasibu, kavaa zote mbili. Viti hakuviona. Kumbe Mkasi keshamwandikia mteja: samahani, viti vinafika leo mchana. Basi! Mteja kabaki. Mimi nimeongezewa muda wa majaribio, na nieleze kwa sentensi moja nilichojifunza.

Jumamosi, 8 Machi

Sentensi iko ukurasa wa nne. Nukta bado. Si alisema moja? Nimeshinda!

Kunirudishia daftari: ingia lango kuu, acha ngazi za kulia, panda za kushoto, ila si zile zenye zulia, ambazo nitazieleza mbele, kisha pita mlango wa kwanza, ambao kwa hakika ni wa pili... Au ulizia tu karani wa maneno mengi. Sijui kwa nini, wote wananijua.