Choo Kinapumzika

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Siku njema kuliko zote tangu nirudi Juba. Choo kimekwisha! Choo cha kukalia, cheupe, ndani ya nyumba, cha kwanza katika kijia chetu hapa Malakia. Tangi la maji bado liko njiani kutoka Kampala, lakini ndoo inatosha. Unamwaga, kinagugumia, kinameza. Nimemwaga mara nyingi bila haja yoyote. Kusikiliza tu.

Mke wangu Nyabol anatua Jumamosi na watoto wetu wawili kutoka Kenya. Alisema wazi kwamba anakuja kuangalia kwanza. Haachi kazi yake ya chekechea Nakuru ili aje kuchuchumaa kwenye nyasi. Akiridhika, wanabaki. Asiporidhika, wanarudi, na mimi naendelea na maharagwe ya mkebe.

Hawezi kukosa kuridhika. Ameshaolewa na choo, hajui tu.

Jioni nikamwita jirani Kenyi aje atazame. Kenyi alikulia ukimbizini Uganda. Ana choo cha shimo nyuma ya nyumba, mlango wake gunia. Nikamweleza kwa upole kwamba shimo ni mambo ya porini. Akauliza kama changu kinaweza kumeza gunzi la mahindi, maana chake kinameza. Nikacheka! Gunzi alikuwa nalo mkononi. Nikalitumbukiza, nikamwaga ndoo nzima kwa nguvu. Likaenda! Kenyi akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda zake. Ushindi mkubwa.

Baadaye nikamwaga tena. Maji yakapanda badala ya kushuka. Yakasimama ukingoni, yakinitazama.

Jumanne, 7 Agosti

Yako pale pale.

Kenyi ameuliza kutoka upande wa pili wa ua kama choo ni kizima. Nikamwambia kinapumzika. Vitu vya kisasa hupumzika.

Fundi siwezi kumwita. Akionekana tu na vyuma vyake mlangoni kwangu, kabla ya chakula cha mchana Malakia nzima itajua. Nimetumia akili. Maji ya moto, sabuni ya unga pakiti nzima, mti wa ufagio, koroga. Povu likatoka bafuni, likapita sebuleni, likaenda kuona barabara. Gunzi halikutoka. Lakini nyumba inanukia vizuri sana. Sijutii.

Tatizo dogo: choo kinapumzika, mwili haupumziki. Nimeenda kwa Kenyi kuwajulia hali. Nikawauliza kuku wake wanaendeleaje. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo, nikapitia nyuma ya nyumba kwenye gunia. Niliporudi, Lilly mke wake alikuwa ameshanimiminia chai. Kukataa ni utovu wa adabu. Nikanywa vikombe viwili. Chai ya Lilly ni nzuri, ina tangawizi, na inapita haraka. Ikabidi niwajulie hali tena kabla ya jua kuzama.

Jumatano, 8 Agosti

Nimewajulia hali tangu asubuhi.

Kazini uwanja wa ndege nimemuuliza Cyrus, tunayepakua naye mizigo, swali la jumla kuhusu mabomba. Akasema kisichosukumwa na maji husukumwa na upepo. Huyu mtu amepotea bure kwenye mizigo! Nikaazima pampu ya matairi ya lori. Nyumbani nikaziba mdomo wa choo kwa gunia na matambara, nikapenyeza mpira wa pampu katikati, nikakalia gunia lisiinuke. Nikapiga pampu. Kimya. Nikapiga tena. Chini yangu kitu kikanguruma kama ndege ya mizigo.

Sitaandika yote. Gunia liliruka, mimi nikaruka, na yaliyokuwa chini yakatufuata sote wawili hadi kwenye dari.

Gunzi halikutoka.

Ijumaa, 10 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa naosha dari. Kazini hakuna aliyekaa karibu nami wakati wa kula. Meza nzima yangu. Nilikula kwa nafasi.

Leo asubuhi nilimpigia simu Nyabol, nikamwambia asiharakishe, inasemekana ng'ombe wamevamia njia ya ndege. Akaniuliza kama si mimi ninayefanya kazi hapo. Nikasema ni mimi. Basi nenda ukawafukuze, akasema, tunafika kesho. Akakata.

Imebaki dawa moja: kung'oa. Nikachukua nyundo na patasi, nikabomoa saruji kuzunguka bakuli la choo. Nilikuwa nimelikumbatia, navuta, jasho likinitoka, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Kenyi.

"Choo yako bado iko napumzika?"

Nikasema ndiyo.

Akachuchumaa karibu yangu. Akasema amejua tangu Jumanne. Hakuna mtu duniani anayependa kuku wake namna ile.

"Lakini mimi nasema wacha tu, choo asipone haraka. Kule Uganda tulikuwa wengi, asubuhi watu iko nakunywa chai pamoja, iko nacheka. Hapa asubuhi iko kimya. Sasa wewe iko nakuja. Hata Lilly iko nafurahi."

Nikamwambia sielewi anazungumzia nini. Lakini nilimsogezea nafasi upande wa pili wa bakuli.

Tukalinyanyua pamoja. Gunzi lilikuwa kooni mwa bakuli, limevimba, limekaa kama mwenye nyumba. Kenyi akalichomoa kwa mkono wake, akalirusha nje. Tukamwaga maji. Yakapita! "Kalas," akasema Kenyi, yamekwisha. Tukapeana mikono ile ile, hatukujali.

Tukakoroga saruji, tukalirudisha bakuli. Kenyi akasema mdomo wake unaangalia ukuta. Nikamwambia ramani yote iko kichwani mwangu. Akasema tena. Nikamwambia tena.

Jumamosi, 11 Agosti

Mdomo unaangalia ukuta.

Saruji ya Juba haingoji mtu, imekauka kama jiwe. Ukikaa, magoti hayana pa kwenda na pua inagusa rangi. Nimetundika kalenda pale, mtu apate cha kusoma.

Ndege ya Nairobi imefika. Nyabol amevaa gauni la manjano, mzuri kama siku niliyoondoka. Mkubwa amenipita bega. Mdogo amenipa mkono kama anayesalimia mgeni, akarudi nyuma ya mama yake. Nilishika begi lake njia nzima, hata ndani ya gari, kwa sababu sikujua nishike nini kingine.

Nyumbani, kabla hata ya maji ya kunywa, nikawaonyesha choo. Nyabol akatazama kwa muda mrefu. Akauliza kwa nini kinaangalia ukuta. Nikasema ni kwa ajili ya faragha. Akaingia, akafunga mlango. Nikasikia sauti. Nikajua analia. Nikaanza kuhesabu maharagwe kichwani.

Akafungua mlango. Alikuwa anacheka, machozi yanatiririka, ameshika ukuta asianguke. Mdogo akaanza kucheka kwa sababu mama yake anacheka, akaniegemea mguuni bila kujua.

"Kule Nakuru waliniambia wanaume waliorudi Juba wamekuwa wakubwa," akasema. "Miwani nyeusi, hawasemezeki. Nilikuja nikiogopa kumkuta mmoja wao. Kumbe ni wewe tu, Manyang."

Nikamwambia koo la bakuli ni jipya kabisa.

Lilly akaja na birika. Akampeleka Nyabol nyuma kwenye gunia. Wakakaa huko muda mrefu mno kwa shughuli ile, tukiwasikia wakiongea, wakarudi wameshikana mikono. Nyabol akaniuliza shule nzuri iko upande gani. Nikamwambia mambo ya shule yatangoja, nilikuwa sijamaliza kueleza bomba.

Jumatatu, 13 Agosti

Nyabol amempigia simu mwalimu mkuu wake Nakuru, ameaga. Wanabaki! Kelele nyumba nzima. Mdogo amelala kifuani kwangu mchana wote, mkono wangu ukafa ganzi, sikuuondoa.

Kwa hiyo choo kimeshinda, kama nilivyosema. Kenyi anadai ni chai ya Lilly. Maskini Kenyi! Sikumbishia, leo nina furaha.

Sasa bafu la maji ya moto. Ni jambo jepesi. Pipa kubwa juu ya paa, likijaa, jua lichemshe, bomba lishuke hadi kichwani. Nyabol amesema tafadhali, hapana. Kenyi amepanda kutazama, amesema mbao za paa ni nyembamba. Nimewaeleza wote wawili kwamba uzito wa maji hutegemea yamewekwa vipi.

Cyrus amenisaidia kulipandisha jioni. Tumelijaza hadi juu. Mbao zinalia kidogo, ni kawaida, zinajizoesha. Nimemwalika Kenyi aje asimame chini yake kesho, awe wa kwanza.