Nilivyompeleka Nahla Kambini

Jumatano, 26 Novemba 2003. Stafford, Texas.

Jana Idd, kesho Thanksgiving. Alfajiri tunaondoka kwenda Mansfield, kwenye mkutano wa mwaka wa Waafrika Mashariki wenye RV. Familia saba zinakutana ziwani na magari yao ya kulala. Sisi ndio wageni.

RV yangu ni ya mwaka themanini na tatu. Ina kitanda, jiko, choo na harufu. Harufu ni ya panya waliofia ndani ya kuta zamani za mwenyewe wa kwanza. Niliipata kwa kubadilishana na gari la mke wangu Nahla, maana teksi yangu ndiyo inayotulisha. Sikumwambia kabla, nilitaka ashtuke kwa furaha. Alishtuka. Tangu mwezi wa tisa anapanda basi kwenda kazini, kwenye nyumba ya wazee, na mimi hunisemesha kwa mambo ya lazima tu, kama chumvi.

Jana, tuliporudi kutoka kuswali, alizungumza. Alisema kambini atakuja, kwa sababu kaka yake Ridhwan anakaa hapo hapo Mansfield. Jumapili ataamua. Ama anarudi na mimi Stafford, ama anabaki kwa Ridhwan. Alisema taratibu, huku anakunja nguo. Bora angegomba.

Nina mpango. Jumamosi wanachama wanachagua mwenyekiti. Aliyeko sasa ni Elimringi, mhasibu wa Carrollton, Mchaga mwenye tabasamu la kudumu. Nitamng'oa. Nahla atasikia watu wazima wakimwita mumewe mwenyekiti. Nani anamwacha mwenyekiti?

Alhamisi, 27 Novemba. Mansfield.

Tumefika wa kwanza. Nikachukua nafasi nzuri kuliko zote, ukingoni kabisa mwa maji, ambayo kila mwaka huwa ya Elimringi. Pigo la kwanza.

Akaja adhuhuri na RV ndefu kama basi la abiria. Unabonyeza kitufe, ukuta unatoka nje, sebule inapanuka. Akanipa mkono. Alisema nisi-worry kuhusu nafasi, yeye mwenyewe ameihama mwaka huu kwa sababu ya upepo. Nikamjibu kwamba sisi watu wa pwani upepo ndio maisha. Nahla alikuwa amesimama karibu. Kofia yake ilikuwa imeshapeperuka.

Prudensia, mke wa Elimringi, ni nesi. Ametuletea kuku. Batamzinga wa wenzetu hakuwa halali, kwa hiyo alikwenda mwenyewe bucha la Waislamu kututafutia kuku wetu peke yetu, akampika kwenye sufuria mpya. Nahla alimshukuru karibu alie. Mimi nimeiona mbali. Ile ni kampeni.

Nami najua kukaribisha. Kesho wote watakunywa kahawa na halua kwangu. Imebaki harufu tu.

Ijumaa, 28 Novemba.

Dawa ya harufu ni udi. Nilitia makaa kwenye chetezo, nikafunga madirisha, nikafukiza mpaka sikuona mlango. Mara king'ora ukutani kikaanza kulia. Kambi nzima ikatoka nje. Elimringi akaja mbio na ndoo ya maji. Alisema kile kidude kinapima hewa ya sumu, si kitu cha kuchezea. Nikamweleza kwamba kwetu tunamfukiza udi hata mtoto mchanga na hajafa mtu. Alipoondoka nikakichomoa, betri zake nikazitia kwenye redio. Redio ilikuwa haina betri.

Wageni walikuja. Walikunywa kahawa wamesimama, maana viti ni viwili. Mzee Onyancha, dereva wa malori kutoka Houston, alisema humu ndani mnanukia kama harusini, na kwamba kama kuna bibi harusi basi aletwe, yeye yuko tayari. Nikajihesabia kura moja.

Nahla akacheka.

Naandika tena. Nahla amecheka, ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika, kisha akanitazama mimi kuona kama nimesikia. Nilitoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia tairi. Nikalia nyuma ya gari. Nampenda mwanamke huyu, na nilikuwa nimeshaanza kusahau kicheko chake kikoje.

Jumamosi, 29 Novemba. Mchana.

Upepo wa kaskazini umeingia asubuhi. Baridi ya kuuma meno. Hita ya RV haijawahi kufanya kazi tangu niichukue. Elimringi akabisha hodi na hita ndogo ya umeme mkononi, akisema wao wana mbili. Nikamwambia sisi tumejipanga. Yaani niombe kura huku naota moto wa mpinzani?

Nahla alikuwa zamu za usiku wiki nzima kabla ya safari, bado amechoka, anatetemeka. Baada ya chakula amejilaza. Nikawasha seredani ya makaa nje. Mimi si mjinga, nilisubiri mpaka makaa yakashika yote, mekundu, bila moshi hata kidogo, ndipo nikaiingiza ndani na kuiweka karibu na miguu yake. Nikaziba mianya ya madirisha kwa taulo, na ya mlango kwa kanzu yangu ya Idd. Nikamfunika mablanketi mawili na koti langu.

Alisema, asante, Ghafur. Ameniita kwa jina. Mambo yanakwenda. Sasa nakwenda kwenye mkutano. Hotuba iko mfukoni.

Jumamosi hiyo hiyo. Hospitali.

Nisipoandika nitapiga kelele.

Nilikuwa katikati ya hotuba, penye mipango yangu ya miaka mitano. Prudensia hakuwepo, alikuwa amempelekea Nahla supu. Tukamsikia akipiga ukelele. Mlango ulikuwa umekwama kwa ile kanzu. Elimringi akavunja dirisha kwa kiti, akapita humo na tumbo lake lote, akamtoa.

Uso wa Nahla ulikuwa mwekundu, kama mtu mwenye afya. Mkono ulining'inia. Walimlaza kwenye majani, Prudensia akampulizia pumzi. Mimi nilisimama hatua chache tu kutoka hapo. Nilisema ya Rabbi, mchukue Ghafur. Nilisema kweli, kwa moyo wote.

Daktari ameeleza. Makaa yakiwaka chumbani pasipo hewa yanatoa sumu isiyo na harufu wala moshi. Alisema supu ingechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Atapona. Nimemshukuru Mungu mpaka sauti imekauka.

Jioni tulikaa pembeni ya kitanda. Prudensia upande ule, ameshika mkono wa Nahla. Mimi upande huu. Nahla na barakoa ya hewa, amefumba macho. Ikabidi niseme kitu, chochote. Nikamuuliza Prudensia kama walimaliza kupiga kura.

Alisema hapana, hawakupiga.

Nikasema, basi afadhali.

Nilipogeuka, Nahla alikuwa amefumbua macho. Sijui tangu saa ngapi. Alinitazama muda mrefu, bila hasira. Kisha akageukia ukutani.

Jumapili, 30 Novemba.

Ridhwan amekuja kumchukua. Nilitegemea atanipiga, nikavua miwani kabisa. Hakunipiga. Alibeba mkoba wa dada yake na kumshika kiwiko mpaka kwenye gari.

Nikawafuata nikisema dirisha litatengenezwa. Nahla akasimama. Alisema anajua nilifanya kwa mapenzi. Alisema hilo ndilo linalomtisha. Kisha akaingia, wakaondoka.

Nimeliandika hapa ili nilifikirie kwa utulivu.

Jumatano, 3 Desemba. Stafford.

Nimefikiria kwa utulivu. Kitanda kikubwa, nyumba kimya, mtu ana nafasi ya kufikiri.

Elimringi amepiga simu kila siku, anauliza nimekula nini. Prudensia ameleta mchuzi, ameendesha gari kutoka Carrollton, saa nne njiani. Hawa wanajua mimi bado ni tishio.

Jambo lenyewe ni hili. RV ilikuwa ndogo mno. Hewa haikuwa na pa kwenda. Nahla hakunikataa mimi, amekataa kubanwa, na haki yake. Kuna bwana mmoja hapa Houston anauza kubwa, yenye chumba cha kulala chenye mlango wake. Anakubali kuchukua yangu, na teksi yangu juu yake. Nimempa funguo leo asubuhi.

Nilimpigia Ridhwan ili amfikishie Nahla habari, akakata simu. Haidhuru. Jumamosi nitakwenda nayo mpaka mlangoni kwake, aione mwenyewe. Ina kasoro moja tu, dirisha la chumbani halifungi sawasawa na upepo unapita. Nitaliziba kwanza, asije akapata baridi.