Mke wa Raphaël Anakula Mayai

Jumapili, 4 Machi 1956
Haikubaliki! Leo kwenye misa padre amemsifu Raphaël mbele ya mtaa wetu mzima wa Kadutu. Raphaël, seremala, jirani yangu! Eti ni mume wa mfano kwa sababu mkewe mjamzito anakula mayai. Kwetu sisi Bashi mayai na kuku ni vya wanaume, mama yangu alituzaa sote bila kuvionja. Raphaël aliinamisha kichwa kama mtakatifu. Kwa wivu nilishindwa kuimba. Lakini Nsimire wangu naye ana mimba. Nami nitasifiwa.

Jumanne, 6 Machi
Nimemsindikiza Nsimire kwenye mafunzo ya maternite. Mkunga, Mama Clémence, aliwahimiza wanawake wale maharage, mboga za lengalenga, mayai, samaki wadogo wa ndagala. Chumvi kidogo tu. Nilisikiliza dirishani, jicho kwenye mizani. Mke wa Raphaël alipopanda, Clémence akatabasamu. Nsimire alipopanda, mkunga akaguna. Kumbe ni mashindano ya uzito! Mbona hawakusema mapema?

Jumatano, 7 Machi
Nimenunua kuku. Nimempitisha soko zima nikitangaza kwamba ni wa mke wangu. Kwa Raphaël nilipita, nikarudi, nikapita tena. Hakuinua kichwa kutoka kwenye randa yake. Maringo! Nsimire amekula shingo na mchuzi. Firigisi nimekula mimi, maana mwenye mipango anahitaji nguvu.

Ijumaa, 9 Machi
Kwaresima, hakuna nyama. Nimepata dawa: makayabo, samaki wa chumvi. Anayekula makayabo hunywa maji mengi, na maji yana uzito. Akili ni mali! Nsimire alinikumbusha kwamba Clémence amekataza chumvi. Nikamjibu kwamba Clémence na Raphaël lao ni moja.

Jumatano, 14 Machi
Ushindi! Miguu ya Nsimire imenenepa mpaka viatu havimwingii. Uso nao umejaa. Nilimwita Raphaël aje ajionee. Badala ya kusifu akauliza kama kichwa kinamuuma. Nsimire akasema ndiyo, tangu jana. Raphaël akaniambia, “Grégoire, umupeleke maternite sasa hivi!” Nikamfukuza. Mwenye wivu hajifichi.

Alhamisi, 15 Machi
Nilipokuwa nikimpima mteja suruali, Raphaël na wenzake walimbeba Nsimire kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka maternite. Kipoyi alichokitengeneza yeye! Mke wangu, mikononi mwa Raphaël, watu wote wakitazama! Nilikimbia kwenda kugomba. Clémence akanipokea mlangoni: “Papa Grégoire, ile haiko mafuta! Iko maji, iko ugonjwa! Bibi yako na mutoto banaweza kufa!”
Nilikaa chini sakafuni nikalia. Nimeogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa. Nimemwahidi Mungu kwamba sitashindana tena na binadamu yeyote.

Jumatatu, 2 Aprili
Pasaka njema kweli! Nsimire amejifungua msichana, na wote wawili ni wazima. Nimelia tena, safari hii kwa furaha. Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru Clémence. Raphaël nitamshukuru siku nyingine. Alimletea Nsimire mayai ya kuchemsha, naye akayamaliza yote mbele yangu bila hata kunitazama.
Mke wa Raphaël amezaa mvulana, bonge la mtoto. Nimemwona. Mashavu! Binti yangu ni mdogo, lakini ni mrembo kuliko yule. Clémence amesema kesho watoto wote watapimwa uzito.
Nimeketi kwenye mashini. Nashona koti la mtoto: sufu nzito, bitana juu ya bitana, vifungo vya shaba. Raphaël atanitambua.