Mlango Mmoja Tu

Jumapili, 3 Machi

Mke wangu kaondoka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloniuma. Kachukua kitana chake na nguo zake, kaenda kwa dada yake. Sababu: mlango. Mimi ni fundi seremala, nusu ya mtaa huu wanajifungia kwa milango yangu, na chumba changu, kilichoungana na karakana, kina pazia. Mganga hajigangi! Mteja akija kuulizia stuli yake anafunua pazia na kumkuta mke wangu anachana nywele.

Amesema harudi mpaka chumba kiwe na mlango unaofungwa. Na kitanda pia, maana chetu nilimuuzia mteja mwenye haraka nikaahidi kutengeneza kingine, na tangu hapo tunalala kwenye godoro chini. Ila mlango kwanza. Jumamosi atakuja kuangalia.

Mlango mmoja tu! Kazi ya siku mbili. Mbao nilishazinunua zamani, kwa ajili yake kabisa, zimengoja mpaka zimechoka. Leo nimeshinda nimekumbatia mto wake. Kesho alfajiri naanza.

Jumatatu, 4 Machi

Sikuanza alfajiri. Niligeuka nikakuta upande wake mtupu, nikakosa nguvu za kuamka. Jua lilipokuwa kali nikawasha redio. Mtaalamu mmoja akasema duniani hakuna wavivu, kuna watu wasio na ratiba. Nikaruka! Miaka yote mke wangu ananiita mvivu, kumbe sina ratiba tu. Akasema pia fanya kazi nusu saa, kisha pumzika kidogo. Nikaona busara kuanza na mapumziko, ili mwili ujue unafanyia nini kazi.

Mchana nikaandaa ratiba. Karatasi hupeperuka. Ratiba ya seremala ni ubao. Nikachagua mbao nzuri, nikazikata, nikaziunga kwa gundi, nikapiga randa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Pembeni nimechonga maua. Na nimemaliza siku hiyo hiyo! Laiti angekuwepo akaona.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika kwa chaki. Jumanne: kukata mbao za mlango. Nikaenda kuchukua mbao za mlango. Hazipo. Nikatafuta darini, nikatafuta nyuma ya nyumba. Nikamshuku Cheche.

Cheche ni fundi wa kuchomelea, karakana yake imepakana na yangu. Anatengeneza milango ya chuma na kuikabidhi siku ile ile aliyoahidi. Mtu hana haya! Nikaenda kumuuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Akaja kwangu, akatazama huku na huku, akanyoosha kidole kwenye ratiba.

Lo! Nimetengeneza ratiba ya mlango kwa mbao za mlango! Cheche alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kwa upole kwamba anaweza kunitengenezea wa chuma. Seremala mzima nilale nyuma ya chuma? Bora pazia. Nimemfukuza.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika: kubomoa ratiba. Nikashika nyundo, nikasita. Nikiibomoa, nitajuaje kesho nafanya nini?

Halafu nikagundua adui wa kweli: simu. Kila mara naitazama kama mke wangu kapiga. Hapigi. Nikampelekea simu mama anayeuza chai ng'ambo ya barabara, nikamwambia asinirudishie mpaka jioni hata nikimlilia. Kabla ya adhuhuri nikamlilia. Hakunipa. Mama yule ana roho ngumu!

Na mchana huo huo ndipo mke wangu akapiga. Mama chai akapokea, akasema kwa ile sauti yake laini kwamba fundi hapatikani mpaka jioni, na simu yake anaishika yeye. Mke wangu akakata. Nimekwisha!

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kujieleza. Shemeji akatoka, akafunga mlango nyuma yake, tukazungumza barazani. Akasema nisihangaike, mama chai alipiga tena akaeleza yote, na mdogo wake alicheka. Alicheka! Nikaomba nimwone. Shemeji akakataa. Akasema mdogo wake hadai makubwa, anataka chumba cha kufungia uchovu wake bila mtu kumuulizia stuli.

Ndani nikamsikia anaimba ule wimbo wake ambao maneno yake hayajui, anayabuni. Nyumbani huwa namtania. Leo nilisimama pale nikisikiliza. Nikajikuta napapasa mlango wa shemeji. Mbao nzito, bawaba zimekaa sawasawa, hauna hata upenyo. Kazi ya nani hii, nikajiuliza. Kazi yangu! Niliutengeneza kwa wakati, maana mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo leo! Lakini fundi hafanyi kazi penye uchafu, kwa hiyo nimefagia karakana. Kisha nimenoa msumeno. Kisha misumeno mingine, isione wivu. Jioni nikaigonga ratiba kwa nyundo. Gundi yangu ni gundi kweli, haikuachia hata pembe moja.

Ndipo akili ikafunguka. Nimeipigia bawaba ratiba yenyewe, nimeiweka mlangoni! Inafunika kuanzia magotini mpaka kifuani. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja. Amevaa lile gauni la kijani, na mimi nikasahau maneno yote niliyoyapanga. Akasimama mbele ya ratiba, akaisoma kuanzia juu. Alipofika pa "kubomoa ratiba" akacheka mpaka akafuta machozi. Nikajua nimesamehewa. Nikafungua mikono.

Nyuma yake akatokea Cheche na mkokoteni. Juu ya mkokoteni, mlango wa chuma. Mke wangu kauagiza tangu Jumatatu, na Cheche kaninyamazia! Amesema ananijua.

Cheche kaufunga kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu akaingia na mkoba wake, akavuta mlango, komeo likalia. Mimi nje. Akasema kwa ndani kwamba mlango amejitafutia, kitanda ananiachia mimi. Siku kitakapoingia, niingie nacho.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala karakanani juu ya maranda ya mbao. Asubuhi nimekaa nimeegemea chuma cha Cheche. Upande wa pili namsikia anachana nywele, taratibu, hakuna anayemfunua. Alipokuwa kwa dada yake sikumtamani hivi. Sasa yuko hapa hapa, na mkono wangu haufiki.

Akauliza kama ni mimi niliyekaa hapo. Nikasema ni mimi. Akasema godoro ni kubwa mno kwa mtu mmoja, nifanye haraka. Moyo ukanipasuka! Nikamwambia asijali, kitanda kimoja tu, kazi ya siku mbili. Akarudi kuchana nywele.

Mbao za kitanda nimeshapata, ndefu, nzuri. Kesho alfajiri naanza. Nimetafakari pia kosa lilikuwa wapi wiki hii: ratiba ilikuwa fupi. Kitanda kinataka ratiba ndefu. Nimeshaanza kuipiga randa, na mbao hizi, jamani, zinakubali maua ajabu.