Wahome Ataacha Ziwa Kabla ya Jumatatu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Wiki moja tu imebaki! Jumatatu ijayo naanza darasa la kupiga taipu Nyeri mjini, na barua inasema wazi: anayenyonyesha asije. Wahome wangu ana mwaka na miezi minane. Jana kanisani alinifungua vifungo katikati ya maombi. Mama mkwe, Mama Wamucii, amefika hapa Othaya kutoka Endarasha na kabichi tatu. Ati nipunguze polepole, nianze na ziwa la mchana, nimpe uji badala yake. Ati kabichi mbili nizihifadhi, majani yake baridi hutuliza ziwa likijaa. Polepole? Mimi? Ng'o! Kabichi zote nimekaanga.

Jumanne
Nimejipaka pilipili. Wahome ameonja, akakunja uso, akashika leso yangu, akapangusa safi, akaendelea. Mimi nikajisugua jicho kwa mkono uleule. Mume wangu Gicheru amecheka mpaka akamwaga chai. Acheke tu.

Jumatano
Nimempa mama mkwe mtoto, akae naye Endarasha hadi Jumapili. Wahome ana jina la marehemu babake Gicheru, kwa hivyo mama mkwe humwita "mume wangu". Akasema mumewe hatalala njaa kwake, lakini mimi nikikata ghafla nitajuta. Nikamjibu majuto ni mjukuu, na mjukuu ndiye huyo anayeondoka naye.

Alhamisi
Uwi! Kifua ni mawe mawili. Nimefunga leso kwa nguvu, maumivu yakazidi. Gicheru akasema tumwite mamake. Afadhali nipasuke! Saa nne nikatoroka kwenda sokoni. Katunge wa mboga akauliza kabichi ni ya kuchemsha au ya kukaanga. Nikasema ya kukaanga. Sasa hivi nimeivaa. Nimekamua kidogo pia, nikapata nafuu. Mama mkwe asijue.

Jumapili, 10 Machi
Wahome amerudi, amenona. Nikafungua mikono. Akanipita! Akaenda kwa nyanyake na kikombe, ati uji. Mama mkwe akasema mumewe ameacha, nimshukuru Mungu, kesho niende taipu kwa amani. Amani gani? Miezi ishirini nimemnyonyesha, leo ananipita kama nguzo ya simu? Imeniuma kuliko Alhamisi. Nikamwita chumbani, nikafunga mlango. Mara moja tu, akumbuke mamake ni nani.

Akakumbuka. Amekumbuka mara nne.

Sasa amelala, ameshika vifungo vyangu. Darasa ni kesho saa mbili asubuhi. Haidhuru. Nitaamka mapema, nijipake pilipili. Safari hii vijiko viwili.