Kura ya Matairi na Teksi ya Mzee Tsukahara

Jumatatu, 3 Juni

Bosi Kuroiwa, mkuu wa idara ya ubunifu, ametangaza leo baada ya mazoezi ya viungo ya asubuhi kwamba Kiwanda cha Matairi cha Minegishi kitatoa tairi moja tu jipya la teksi. Michoro imebaki miwili. Mmoja wangu, mmoja wa Mikuriya, mdogo wangu kazini. Matairi ya majaribio yatafungwa kwenye teksi mbili za mjini na kukimbia kiangazi chote. Litakalolika polepole na sawasawa, mchoro wake unaingia kwenye kalibu ya kutengenezea matairi. Mwenye mchoro mwingine anahamia kitengo cha matairi ya toroli.

Kitengo cha toroli kiko jengo la nyuma, jirani na choo cha wageni.

Mikuriya akanifuata, akainama. "Mkubwa, tushindane vizuri." Nikamwambia bila shaka. Kisha nikaenda kulikagua jengo la nyuma. Lina dirisha moja. Linatazama ukuta.

Jumanne, 4 Juni

Siku nzima tumechonga. Unapewa tairi laini lisilo na mfereji hata mmoja na kisu cha moto, unachora kwa mkono. Mimi ni hodari wa kisu. Hili hata maadui zangu wanakubali, na wako wa kutosha.

Mchoro wangu ni mawimbi. Yanaanza katikati ya tairi, yanapinda, yanamwagikia ukingoni katika vipande vidogo vidogo kama kashata, kila kimoja kimesimama peke yake. Watu wa ghala walikuja kulitazama. Mmoja aliomba kupiga picha.

Mchoro wa Mikuriya una mkanda mnene ukingoni, mzima, usiokatwa. Basi. Nilimwambia amechora mkanda wa suruali. Chumba kizima kilicheka.

Yeye hakucheka. Alibonyeza kashata zangu za ukingoni kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Akasema hazijashikana na kitu, gari likigeuka zitatikisika kama meno ya babu yake. Nikamjibu kwamba babu yake namheshimu.

Nilikuwa bado nafurahia jibu hilo kisu kiliponigusa kidole. Malengelenge mawili.

Ijumaa, 7 Juni

Kura ya madereva imepigwa leo. Nimeshinda. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya malengelenge, lakini nimeshinda.

Madereva ni wawili. Mzee Tsukahara ana nishani ya usalama barabarani, glavu nyeupe, na hajawahi kupigiwa honi kwa sababu nzuri. Yaani honi anazopigiwa ni za kumwomba aongeze mwendo. Wa pili ni kijana Goto. Goto hukata kona kama anafukuzwa.

Bosi Kuroiwa alichora mistari miwili wima, wangu na wa Mikuriya, akaandika majina ya madereva chini, akakunja karatasi kuyaficha. Kila aliyekuwepo akaongeza kijiti kimoja cha kuunganisha mistari, popote apendapo. Unashuka na mstari wako, ukikuta kijiti unavuka. Kila mtoto nchini anajua mchezo huu. Ila si kila mtoto hukaa upande wa dirisha. Karatasi ilikuwa nyembamba, na jua lilinionyesha jina la Tsukahara chini ya mstari wa Mikuriya. Vijiti vikiwa witiri, ningevuka kwenda kwake.

Nikasubiri niwe wa mwisho. Nikahesabu. Vilikuwa shufwa. Nikaongeza changu, kwa unyenyekevu mkubwa.

Mikuriya akapata Goto. Akainama, akasema asante.

Jumatano, 26 Juni

Mvua. Nilipanda teksi ya Mzee Tsukahara kama abiria wa kawaida, kukagua. Alinitambua kabla sijafunga mkanda.

Anaendesha kama aliyebeba bakuli la supu mapajani. Breki zake huzisikii. Kwenye kona anaomba radhi, sijui anamwomba nani. Bibi mmoja wa baiskeli alitupita akiwa na mwavuli mkononi. Nilisikia raha isiyo kifani.

Kwenye taa za stesheni Goto alitupita pia. Matairi ya Mikuriya yalipiga kelele. Nikamwonea huruma Mikuriya kwa muda wa taa moja nyekundu.

Jumamosi, 13 Julai

Leo mapumziko. Mke wangu Kimie aliuliza ninakwenda wapi na joto hili. Nikasema kazini. Akaniangalia juu mpaka chini. "Baba Chika, umevaa tai kwenda kumtazama mtu akiegesha gari?" Sijui alijuaje. Nadhani ni lile boksi la manju, vile vitamu vya maharage anavyovipenda, ambalo sikumpa.

Nilikuwa na hofu moja tu: Mzee Tsukahara asije akakwaruza ukingo wa tairi kwenye saruji ya kando ya barabara anapoegesha. Kwa hiyo nilimkuta kituoni kwake, nikampa manju, nikamwomba aegeshe kwa uangalifu wa hali ya juu.

Hakuna ombi lililowahi kumfurahisha mtu kama lile. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hakuna mteja aliyewahi kujali jambo hili. Kumbe ndilo analojali kuliko yote. Akanionyesha. Akaingia kinyumenyume katikati ya mistari miwili myeupe, akashuka, akapima nafasi kwa viganja, kushoto na kulia. Haikulingana. Akapanda tena. Akazungusha usukani mpaka mwisho gari likiwa limesimama. Akasogea kidogo. Akauzungusha upande mwingine mpaka mwisho. Akashuka akapima.

Nilisimama nyuma ya gari nikimwongoza. Rudi, rudi, kulia kidogo, hapo hapo. Tulirudia mpaka ikalingana. Akaahidi ataegesha hivyo kila mahali, kwa ajili yangu.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Kimie hakuniwekea chai.

Ijumaa, 9 Agosti

Kikao kifupi kabla ya likizo ya kuwakumbuka wafu. Mikuriya alipendekeza matairi ya mbele na ya nyuma yabadilishane nafasi, kama ilivyo kawaida, ili yalike kwa usawa.

Nikapinga. Kwa nini niache matairi ya mbele ya Mzee Tsukahara, yaliyostareheshwa namna ile, yaende nyuma? Hilo sikulisema. Nilichosema ni kwamba jaribio la haki halitakiwi kuingiliwa na mkono wa mtu. Nilisema hivyo bila kupepesa jicho. Bosi Kuroiwa akasema ninazungumza kama mtu mzima, matairi yabaki yalipo, teksi zote mbili.

Mikuriya alinitazama kidogo. Nikamkunjulia uso.

Alhamisi, 29 Agosti

Teksi zimeletwa uani kwa ajili ya kupimwa. Idara nzima ilitoka. Nilikuwa nimenyoa.

Wakaanza na ya Goto. Matairi ya mbele yamelika, ila sawasawa, ukingo na katikati vinakwenda pamoja. Mkanda wa suruali umeshika.

Kisha yangu. Bosi Kuroiwa alichuchumaa kando ya tairi la mbele, akapitisha kiganja, akakinyanyua, akakipitisha tena. Katikati mawimbi yangu yalikuwa mapya kabisa, mazuri kama siku nilipoyachonga. Ukingoni hapakuwa na kitu. Kipara. Kilimeta.

Nikasema kwa sauti thabiti kwamba lazima dereva ana tatizo. Mikuriya akamgeukia Mzee Tsukahara, akamwuliza kwa adabu, "Mzee, hebu utuonyeshe unavyoegesha."

Nilijaribu kusema jua ni kali, twende ndani. Hakuna aliyesikia.

Mzee akavaa glavu zake. Akarudi kinyumenyume katikati ya mistari, akashuka, akapima kwa viganja, akapanda. Usukani mpaka mwisho, gari limesimama. Tairi la mbele likasagika palepale kwenye lami, kashata zangu zikajikunja kama vidole vya mtu anayekanyaga moto. Akasogea, akazungusha upande wa pili. Aliporidhika akashuka, na sote tukatazama chini. Alama nyeusi mbili, nene. Mpira wangu.

Bosi Kuroiwa akauliza kama huegesha hivyo kila mara. Mzee akasema zamani hapana, alikuwa anarekebisha mara moja tu, basi. "Ila Bwana Sawatari hapa aliniomba nizidishe. Akanisimamia mwenyewe, siku ya mapumziko." Akanigeukia, akainama mpaka kiunoni. "Na zile manju, bwana, mama watoto amezipenda sana."

Bosi Kuroiwa akaomba kumwona Goto naye. Goto aliingiza gari kwa mkupuo mmoja, kama anayetupa kiatu. Liliegemea upande, limekanyaga mstari. Akashuka, akaenda zake kununua soda.

"Mchoro wa Mikuriya umepata dereva mbaya, umepona," alisema Bosi Kuroiwa. "Wako umepata dereva bora mjini, umekufa." Akasema laiti matairi yangebadilishana nafasi, huenda uharibifu ungegawanyika. Akakumbuka ni nani aliyekataa. Nilikuwa nakagua viatu vyangu.

Mikuriya alinikuta baadaye kwenye mashine ya vinywaji. Akaninunulia chai baridi. Alisema mawimbi yalikuwa mazuri kweli, na kama kashata za ukingoni ningezifunga pamoja, yangeshinda. Nilimshukuru. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa nafikiria.

Jumatano, 4 Septemba

Nimehamia jengo la nyuma. Ukuta nimeuzoea. Bi Ushigome, mkuu wa kitengo, ametujulisha leo kwamba tairi jipya la toroli litachaguliwa kati ya michoro miwili, na litajaribiwa kwenye mashamba mawili ya chai. Nimekwisha kuchora. Mawimbi, yakimwagikia ukingoni katika kashata ndogo ndogo. Ukubwa wa toroli umeyafaa zaidi.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu la kiangazi, kwa ukweli, bila kujipendelea. Kosa lilikuwa usukani. Toroli halina usukani.

Nimeyatembelea mashamba yote mawili. La kwanza lina ndugu watatu wanaosukuma toroli wakikimbizana. La pili ni la Bi Sonoda, mjane, mtu wa taratibu sana. Hapakii kupita kiasi. Akifika mwisho wa mstari wa michai anasimama, analizungusha toroli lililojaa palepale lilipo, pole pole kabisa, asiguse jani. Nilimsifu. Alifurahi, akasema atazidisha uangalifu. Kesho nampelekea manju.

Kura ya mashamba ni Jumatatu, tarehe 9, saa tatu asubuhi. Nimeomba kiti cha upande wa dirisha.