Mdudu kwa Jina la Mkuu wa Familia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku kubwa! Wamekuja watafiti kutoka Mbarara. Wanatafuta bakteria anayeishi tumboni, watulinganishe sisi wakimbizi na wafugaji wa Endiinzi, hapo jirani. Nesi Mbabazi akatangaza kwenye uwanja wa kanisa kwamba watakaokutwa naye watapata transfa. Transfa! Miaka tisa katika kambi ya Nakivale nasubiri neno hilo, nipelekwe Kanada. Nehemiya, jirani yangu na mpinzani wangu kwenye kwaya, akadai ni transfa ya hospitali, si ya ndege. Wivu tu. Kila mtu kapewa kopo dogo, alete choo kesho. Mama Nyirabizimana akauliza choo kizima kitaingiaje humo.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo. Mimi tumbo langu ni chuma. Mwenye mdudu bila shaka ni mke wangu, Georgette. Tangu Krismasi tumbo linamuwaka, analala ameketi. Lakini dosie, faili la familia, imeandikwa jina langu, Bonaventure, namba moja, na picha. Mdudu akikaa kwa namba mbili, ofisi itachanganyikiwa. Nikabandua karatasi za majina kwenye makopo yetu, nikazibadilisha. Dakika moja! Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 7 Machi
Positif! Mimi! Nesi anasema hajawahi kuona mtu akimshukuru hivyo. Kwa kuwa nina zaidi ya miaka hamsini, daktari wa Mbarara ataniangalia Jumatano kabla ya dawa. Georgette negatif. Akamuuliza nesi mbona basi tumbo linamuwaka. Nesi akamjibu apunguze pilipili. Mimi nikaaga kwaya nzima na kumwachia Nehemiya jembe langu. Kanada halitanifaa.

Jumatano, 12 Machi
Mbarara. Nilivaa koti la baridi, nikabeba sanduku. Joto la kuua. Wakanipitishia mpira kooni hadi tumboni. Nilipopata sauti nikauliza ndege inaondoka lini. Daktari akauliza ndege gani. Akasema tumbo langu ni safi kabisa, na kwamba karatasi yangu ya majibu inamshangaza.

Nimefika nyumbani jioni. Georgette yuko kwenye mkeka, amejikunja. Hajala tangu Jumatatu, na leo ametapika mara tatu. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kwa nesi. Akasema, "Banganga ba kipimo bamesema sina kitu. Pengine ni mimi tu najisikia mubaya bure."

Aliomba msamaha. Yeye, kwangu! Kwa kunisumbua siku ya safari. Naandika na machozi yananitoka. Mimi ni mtu mbaya.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeungama. Nilimvuta nesi pembeni, nikamnong'oneza. Mbabazi hajui kunong'ona. "Ssebo! Mzee mzima wewe, uliiba mavi ya bibi yako?" Foleni nzima ikageuka. Nehemiya alikuwa wa nne, na jembe langu begani.

Georgette kapimwa upya. Positif. Yeye hajafika hamsini, kwa hiyo kapewa hapahapa vidonge vya siku kumi na nne. Tulipofika mlangoni akasimama. Akasema miezi mitatu alikuwa akiogopa kwamba anakufa, na nilimwacha aogope kwa ajili ya karatasi.

Jumamosi, 15 Machi
Georgette amekula viazi na maharage, na yamekaa tumboni! Usiku alilala amenyooka. Nilimsikiliza akipumua, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nimeapa sitadanganya mtu tena.

Nimetafakari pia. Daktari alinirudisha kwa sababu tumbo lilikuwa safi. Kwa hiyo kosa lilikuwa la tumbo. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Na nesi ameeleza kwamba mdudu huyu huenda anaambukizwa kwa kula pamoja, ndiyo maana Georgette sasa ametenga sahani yake na kijiko chake, mimi nisiguse.

Mchana alipokwenda kisimani, nimemaliza mabaki yake yote. Kijiko nimekilamba pande zote mbili. Wiki ijayo nitaomba kopo jipya. Safari hii hakuna wizi wala uongo: mdudu atakuwa wangu halali, kwa jina langu mwenyewe.